Vita Visivyopiganwa

Kila tarehe 27 Februari, Songea huwakumbuka watu wake walionyongwa. Siku hiyo mwaka 1906, wakikandamiza vita vya Majimaji, Wajerumani walimaliza kwa kamba kile walichokuwa wamekianza kwa risasi. Nkosi (mfalme) Mputa Gama, manduna (wakuu walio chini yake) na wapiganaji kwa makumi walitiwa kitanzini, wakafukiwa katika kaburi moja. Songea Mbano, nduna ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye, na kaburi lake liko peke yake. Kwenye Makumbusho ya Majimaji manduna wamesimama kwa sanamu, na siku ya maadhimisho wageni wa serikali huja, mashada huwekwa, lizombe huchezwa hadi vumbi linatimka. Ni haki yao kabisa.

Lakini kuna mwaka mwingine ambao hauna sherehe. Mnamo 1882 Wangoni wa Songea na majirani zao Wahehe, waliokuwa wameumizana tangu 1878, waliacha kupigana. Hakuna aliyeshinda na hakuna aliyeshindwa. Walipatana, na kabla Mjerumani hajafika hawakurudia tena. Maelfu ya vijana waliokuwa wafe kwa mkuki wakaishi, wakaoa, wakazeeka. Hawana sanamu. Na sioni mchongaji angeichonga vipi sanamu ya mtu aliyegeuza ngao yake akarudi nyumbani.

Ninachotaka kuuliza ni hiki: tunaposema vita vimeepukwa, tunasema nini hasa? Ni sifa ya nani? Na gharama yake analipa nani? Maana vita visivyopiganwa vina gharama zake, ila haziandikwi mahali pamoja.

Ugumu wa kwanza ni kwamba jambo lisilotokea halina ushahidi. Vita vikipiganwa huacha makaburi, majivu na njaa, na kila mtu huweza kuvionyesha kwa kidole. Visipopiganwa, kila mtu hujichukulia sifa. Mlinzi wa duka pale Majengo akiamka alfajiri akakuta kufuli liko salama, atakwambia wezi wamemwogopa. Huenda ni kweli. Huenda pia hakuna mwizi aliyepita usiku ule, au mwizi mwenyewe ni shemeji yake. Kila dola inayojenga boma mpakani huongea kama mlinzi huyo: boma lipo, vita havipo, basi boma ndilo limezuia vita. Hoja hiyo hairidhishi, lakini haikanushiki kirahisi, na ndiyo sababu maboma yameendelea kujengwa.

Mapatano ya 1882 ni mfano mzuri kwa sababu hayakuwa na boma. Wahehe chini ya Munyigumba walikuwa wameunda dola yenye nguvu, na kwa kiasi kikubwa waliiunda kwa kujifunza kwa wale wale waliowatisha: mkuki mfupi wa kuchomea, vikosi vilivyopangwa, mbinu za kumzunguka adui. Mambo hayo yalipanda kutoka kusini mwa Afrika pamoja na Wangoni waliovuka Zambezi mwaka 1835, na yakawafikia Wahehe kwa njia ya Wasangu na kwa njia ya kupigwa. Kwa hiyo vita vilipozuka mwaka 1878, pande mbili zilipigana kwa silaha zinazofanana na akili zinazofanana. Munyigumba akafariki 1879, Wahehe wakagombea kiti, mwanawe Mkwawa akaibuka, vita vikaendelea. Kila upande uliingia kwa mwenzake, ukapiga, ukapigwa, ukarudi. Mwishowe wakaona kile ambacho wababe wawili wa nguvu sawa huchelewa kukiona: kwamba kumvunja mwenzako kunaweza kukuvunja mwenyewe.

Tungeweza kuishia hapo na kusema kwamba vita huepukwa pale nguvu zinapolingana. Wapo wanafalsafa wa siasa ambao wameishia hapo hapo, na hawakukosea kabisa. Ila tazama kilichotokea mwaka huo huo wa 1882, upande wa mashariki. Kule Masasi, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilikuwa imeanzisha kijiji mwaka 1876, wakazi wake wakiwa watu waliokombolewa utumwani na kuletwa kutoka Zanzibar. Mwezi Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana upande ule kama Wamagwangwara, walikivamia. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kuwa watumwa mara moja wakafungwa kamba mara ya pili. Wamisionari wakalazimika kutafuta namna ya kuwagomboa.

Sisemi kwamba kikosi kilichoacha kupigana na Wahehe ndicho kilichokwenda Masasi. Ungoni ulikuwa na dola mbili, Mshope kaskazini na Njelu kusini, na kila moja ilikuwa na mambo yake. Nasema tu kwamba amani ya mpaka mmoja haikuondoa sababu iliyowafanya Wangoni waende vitani. Kijana wa Kingoni alihitaji mateka na ng'ombe ili awe mtu. Nduna alihitaji mateka ili awe nduna mkubwa. Mlango wa kaskazini ulipofungwa kwa sababu nyuma yake alikuwapo Mkwawa, milango mingine ilibaki wazi, na nyuma yake walikuwapo Wayao, Wamwera, Wamatumbi, na wanakijiji wa Masasi. Wabena walioishi kati ya mafahali hao wawili nao walijua ladha ya pande zote mbili. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba mafahali wakipatana, nyasi zinaweza kuumia vile vile, kwa sababu sasa wana nafasi ya kula.

Basi tusiulize tu kama vita viliepukwa. Tuulize vimehamia wapi.

Mbali sana na hapa, karibu miaka mia moja kabla ya hapo, kulikuwa na dola changa iliyojaribu kuepuka vita vya mpakani kwa makusudi na kwa maandishi. Marekani ilipoanza kuwa na serikali ya shirikisho mwaka 1789, ilirithi ugomvi kati ya walowezi wa jimbo la Georgia na taifa la Wacreek, wenyeji wa nchi ambayo leo ni Georgia na Alabama. George Washington alikuwa rais, Henry Knox waziri wake wa vita. Hawakuwa wapenda amani kwa tabia, maana wote wawili walikuwa wanajeshi. Lakini hazina ilikuwa tupu, jeshi lilikuwa dogo mno, na kaskazini kulikuwa na vita vingine. Tarehe 4 Novemba 1791 mataifa ya wenyeji wa huko yaliliangamiza jeshi la Jenerali St. Clair, zaidi ya askari 600 walikufa kwa asubuhi moja. Dola ya namna hiyo haiwezi kumudu vita viwili. Kwa hiyo, hata kabla ya pigo hilo, mwaka 1790 walimwalika New York kiongozi wa Wacreek, Alexander McGillivray, mtoto wa mfanyabiashara wa Kiskoti na mama Mcreek, wakatiliana saini mkataba tarehe 7 Agosti. Wacreek walitoa ardhi ya mashariki ya mto Oconee, nao wakaahidiwa kwamba ardhi iliyobaki italindwa. Kulikuwa pia na vifungu vya siri: McGillivray alipewa cheo cha brigedia jenerali na mshahara wa dola 1,200 kwa mwaka. Kwa vipimo vya vyumba vya wakubwa, vita vikawa vimeepukwa.

Kinachonivutia katika kisa hicho ni yale yaliyofuata mkataba. Knox alitumia miaka kadhaa akiwaandikia watu wake mwenyewe. Wajihami, lakini wasishambulie. Wajenge ngome ndogo, walipwe wapelelezi na wapanda farasi wa kulinda mashamba, lakini wasivuke mto. Mwaka 1793 Georgia ilitaka kuingia nchi ya Wacreek kwa nguvu, na serikali ya shirikisho ikakataa. Mwaka 1794 Elijah Clarke, shujaa wa vita vya uhuru, alivuka Oconee na wafuasi wake, akajenga maboma na kutangaza nchi yake. Washington alisukuma mpaka mgambo wa Georgia wenyewe wakaenda kuwaondoa na kuyachoma maboma hayo, bila kumwaga damu. Hicho ni kitendo kikubwa cha kuzuia vita, na hakikuelekezwa kwa Wacreek hata kidogo. Kilielekezwa kwa raia.

Nionavyo mimi, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tunadhani ulinzi wa mpaka ni kumzuia wa ng'ambo asije. Kumbe sehemu ngumu ya kazi ni kumzuia wa kwako asiende. Adui unaweza kumpiga, kumtisha, au kumhonga kwa cheo. Lakini mtu wako ana kura, ana ndugu, ana bunduki uliyompa wewe mwenyewe ili ajihami, na anaweza kusema kwa uso mkavu kwamba kuchoma kijiji cha jirani ni kujihami. Nani atamwamulia? Mpaka kati ya kujihami na kushambulia hauwezi kuchorwa na mtu mwenye hamu ya shamba lililo ng'ambo ya mto. Ndiyo maana mikataba mingi ya mipakani huvunjwa na watu ambao hawakuitia saini, kisha waliosaini hulazimika kuchagua: wapigane na watu wao, au wapigane na waliowaahidi. Kwa muda Washington alichagua la kwanza. Warithi wake hawakuwa na moyo huo. Kufikia 1813 Wacreek wenyewe walikuwa wamegawanyika na kuingia katika vita vya wao kwa wao, Marekani ikaingilia kati, Andrew Jackson akawavunja pale Horseshoe Bend tarehe 27 Machi 1814, na mkataba wa Fort Jackson ukachukua ekari milioni 23. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wacreek waliopigana upande wa Jackson. Walikuwa wameepuka vita na Marekani kwa kila namna iliyowezekana, hata kwa kumwaga damu ya ndugu zao, na bado walilipa sawa na waliopigana dhidi yake.

Turudi Ungoni, tuitumie kanuni hiyo. Kwa nini mapatano ya 1882 yalidumu? Jibu la nguvu sawa linaeleza kwa nini yalifanyika. Halitoshi kueleza kwa nini yalidumu, kwa sababu nguvu hupanda na kushuka, na nafasi za kumvizia mwenzako hujitokeza. Nadhani yalidumu kwa sababu kwa kila upande alikuwapo mtu wa kusema hapana kwa watu wake, na akasikilizwa. Mkwawa aliwakamata Wahehe kwa mkono wa chuma. Kwa Wangoni jambo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu nduna mwenye watu wengi alikuwa karibu sawa na nkosi. Songea Mbano mwenyewe alikuwa na nguvu kuliko wengi waliomzidi kwa ukoo. Dola ya namna hiyo ingeweza kuvunja mapatano kwa kosa la nduna mmoja aliyekosa mateka msimu huo. Haikuvunja. Hayo ni mafanikio ya utawala ambayo hatuyasomi, kwa sababu historia tunayofundishwa shuleni huwapima watawala wetu kwa namna walivyopigana na Mjerumani tu.

Mapatano hayo, hata hivyo, yalikuwa na tundu kubwa katikati.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikiteketeza kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Mkwawa alijua Wajerumani watarudi. Historia inasimulia kwamba alitafuta washirika, na miongoni mwa aliowaendea ni Chabruma, nkosi wa Mshope. Chabruma hakukubali. Mtu asimlaumu haraka: miaka michache tu nyuma watu wa yule anayeomba msaada walikuwa wanaua watu wake. Mapatano yalisema wasipigane, hayakusema wasaidiane. Wajerumani waliitwaa Kalenga mwaka 1894, wakamwinda Mkwawa hadi Julai 1898 alipojipiga risasi. Katikati ya uwindaji huo, mwaka 1897, walifika Ungoni na kujenga boma karibu na makazi ya nduna Songea. Watawala wa Njelu waliitwa shaurini na kubanwa hadi wakakubali utawala mpya. Hapakuwa na vita vya kusimulia. Kisha, Majimaji ilipoingia Ungoni mwaka 1905 na Chabruma na Mputa wakasimama, Wahehe hawakusimama nao. Wapo waliotembea na Wajerumani kuja kuwapiga.

Kwa hiyo amani iliyotunzwa vizuri kuliko zote katika nyanda hizi iliwaacha majirani wawili wenye nguvu wapigwe mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimtazama mwenzake. Walikuwa wameepuka vita kwa kuepukana wao wenyewe.

Hilo linaniongoza kuona kwamba chini ya neno amani tunaweka hali mbili zilizo tofauti kabisa. Ya kwanza ni hali ya kila mtu kubaki kwake. Inahitaji mto, pori tupu, boma, au hofu. Kuitunza si rahisi, lakini kuielewa ni rahisi, na ndiyo ambayo Knox aliitafuta kwenye Oconee. Ya pili ni hali ya watu wenye kazi ya kufanya pamoja, ambapo mmoja akikosekana kazi ya mwenzake inakwama. Ya kwanza inaweza kufikiwa na watawala wawili kwa siku moja. Ya pili haina tarehe.

Na boma la 1897 je? Lilileta hali ya tatu inayofanana na amani kwa mbali. Kati ya 1897 na 1905 Songea haikuwa na vita. Uvamizi wa kutafuta mateka ulikoma, na kwa watu wa Masasi hilo halikuwa jambo dogo. Asiyekubali hivyo anaandika historia kwa kupenda ukoo wake. Lakini kodi ya nyumba ikaja mwaka 1898, ikaja kazi ya kulazimishwa, ikaja fimbo ya askari. Afisa wa boma angeweza kuwazuia watu wake kama angetaka. Hakuwa na sababu ya kutaka, maana hakumwogopa yeyote na hakumhitaji yeyote kwa hiari. Mnyonge aliyekaa kimya kwa miaka minane anaweza kuhesabiwa kama mtu mwenye amani katika ripoti inayopelekwa Dar es Salaam. Njaa iliyofuata kukandamizwa kwa Majimaji, pale mashamba na maghala yalipochomwa kwa makusudi, ilionyesha hesabu ile ilikuwa na thamani gani. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja idadi kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali.

Sasa nije kwenye swali ambalo mtu wa mkoa huu wa Ruvuma hawezi kulikwepa, kwa sababu babu na bibi zake waliishi ndani yake. Je, kila vita vinafaa kuepukwa?

Tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilianzishwa, miezi michache tu baada ya jeshi la zamani kuasi mwezi Januari na kuvunjwa. Wiki tatu na ushei baadaye, tarehe 25 Septemba, FRELIMO iliyokuwa imezaliwa Dar es Salaam mwaka 1962 ilianza vita dhidi ya Wareno ng'ambo ya mto Ruvuma. Nchi yenye jeshi changa kiasi hicho ingekuwa na kila sababu ya kufuata njia ya Knox: zuia watu wasivuke, jihami, ngojea. Tanzania ilifanya kinyume. Ilimwacha mpiganaji avuke, ikamlisha, ikamfundisha, ikamtibu aliporudi na jeraha. Lakini yenyewe haikutangaza vita na Ureno. Mwaka 1968 FRELIMO ilifanya mkutano wake mkuu wa pili Matchedje, ndani ya Niassa, ng'ambo tu ya mpaka wa Songea, na ndege za Wareno zikaja kutupa mabomu.

Ukisoma sheria kwa makini, msimamo huo haueleweki vizuri. Huwezi kumfungulia mlango mpiganaji kisha ukasema huna vita. Lakini ukiupima kwa swali la nani analipa, unaeleweka zaidi. Kuepuka vita kabisa kungewezekana, na gharama yake yote ingebebwa na Mmakonde, Myao na Mnyanja wa ng'ambo, aliyekuwa chini ya kiboko cha Mreno. Ni mfano wa Masasi tena: fahali wawili wapatane, nyasi ziliwe. Mwalimu Nyerere alikataa amani ya aina hiyo. Nasema alikuwa sahihi, na nasema pia kwamba yeye hakuwa analala kando ya mto. Aliyelala huko ndiye aliyeishi na mabomu ya kutegwa ardhini na ndege zilizopita juu ya shamba lake, na huyo hakuulizwa. Uamuzi unaweza kuwa wa haki na bado gharama yake ikagawanywa bila haki. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Dar es Salaam ilisherehekea kama ushindi wake, na vijiji vya mpakani vikarudi kulima.

Nimesema kwamba amani ya pili, ile ya watu wenye kazi ya pamoja, haina tarehe. Ninao mfano wake, na unahusu Wangoni na Wahehe wale wale.

Leo Mngoni na Mhehe ni watani. Mngoni akimkuta Mhehe stendi ya basi atamuuliza kama mbwa wa jirani yupo salama au ameshaliwa, naye atajibiwa tusi zito zaidi kuhusu babu yake aliyekimbia kutoka kusini, na watu watacheka. Wataalamu waliochunguza utani kati ya makabila ya Tanzania wameona mara nyingi kwamba huota pale palipokuwa na vita au njia ya safari. Hakuna nkosi aliyeutangaza wala mtwa, mtawala wa Kihehe, aliyeutia saini. Kama mtu angelazimika kueleza ulivyofanyika, angetaja watu waliokutana mashamba ya mkonge, jeshini, gerezani, kwenye malori, mbali na kwao wote wawili, wakagundua kwamba adui wa babu ndiye mtu pekee hapo anayejua habari za kwao.

Tunauchukulia utani kama mzaha tu, na hapo tunaudharau. Angalia msiba. Mtani anakuja msibani akiwa na haki ambazo ndugu hawana. Anamwiga marehemu alivyotembea, anachukua kuku, anaweza kushuka kaburini na kugoma kutoka hadi alipwe chochote. Pia anafanya kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya kwa uchungu walio nao. Yaani maiti yangu inamhitaji mjukuu wa yule aliyemwinda babu yangu. Na kila anapofungua mdomo anataja kile kile ambacho mkataba wowote wa kiserikali ungejitahidi kisitajwe: nani alikimbia, nani alipigwa, nani alichukuliwa mateka. Mkataba wa New York uliwataka Wacreek na Wamarekani wasahau. Utani unawalazimisha watu wakumbuke kila wanapokutana, kwa sharti moja tu, kwamba asikasirike mtu. Anayekasirika ndiye aliyevunja mapatano.

Hapo naona jibu la ile kazi ngumu ya kumzuia mtu wako asiende. Serikali humzuia kwa amri na mgambo, na siku amri inapolegea anavuka. Mtani hazuiwi. Anaruhusiwa kuvuka kila siku, kwa maneno, na ukali wote aliobaki nao unaishia hapo. Sidai kwamba Knox angeweza kuandika utani kwenye mkataba. Jambo lenyewe linahitaji watu wenye nguvu zinazokaribiana na wasio na hamu ya ardhi ya wenzao, na mlowezi wa Georgia hakuwa mtu wa namna hiyo. Mjerumani wa boma hakuwa hivyo pia. Hakuna utani kati ya Songea na Berlin, ingawa fuvu la nduna wetu Songea Mbano linasemekana lilipelekwa Ujerumani.

Mkoa huu bado una mpaka wenye ubishi, na hauko kwenye mto Ruvuma. Uko magharibi, kwenye Ziwa Nyasa. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliweka mpaka ufukweni, upande wa kwetu. Malawi inaushikilia, Tanzania inasema mstari unapita katikati ya maji. Banda na Nyerere walirushiana maneno makali mwaka 1967 na 1968. Mwaka 2012, Malawi ilipoanza mipango ya kutafuta mafuta ziwani, maneno yakarudi, na watu wa Mbamba Bay na Liuli wakasikia kwenye redio kwamba huenda kuna vita nyumbani kwao. Shauri likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, ambaye ujanani aliiwakilisha FRELIMO Dar es Salaam. Usuluhishi haujamaliza neno. Wapo wanaosikitika kwamba mstari haujachorwa. Mimi sisikitiki sana. Wavuvi wa pande zote wanaendelea kuvua, na ng'ambo kule, Ntcheu, wako Wangoni wa Maseko, ambao waliwahi kuishi hapa hapa kabla Wangoni wenzao hawajawafukuza katika miaka ya 1860. Ugomvi huo ni wa zamani kuliko mkataba wa 1890, na nao haukuchorewa mstari wowote.

Swali linalonisumbua ni la upande wetu. Mafuta yakipatikana kweli, kampuni ikasimamisha mtambo kwenye maji yanayobishaniwa, na kijana wa Lituhi akaona boti ya doria ikimfukuza kwenye samaki wake, nani Dodoma atakayemshika mkono asirushe jiwe la kwanza, na atakuwa amempa nini mpaka hapo ili amsikilize?